Mkato Kabla ya "Ambayo"

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini, Bwana Garland Stiles; Mheshimiwa Rais wa Chuo, Dkt. Weldon Haskew, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, wakuu wa idara, walimu wenzangu, mlio kazini na mliostaafu, wafanyakazi wa jikoni, wa usafi na wa maegesho, wanafunzi wetu, familia ya Lovelady iliyosafiri tangu alfajiri, na wewe mwenyewe, Bi Arnetta Lovelady, uliye sababu ya sisi sote kuacha kazi mapema siku ya Jumatano: nawasalimu nyote.

Nimewataja kwa mpangilio nilioandikiwa na ofisi ya Rais. Mpangilio wangu mimi ungeanzia jikoni, lakini sikuja hapa kugombana na karatasi.

Kabla ya lolote, naomba radhi kwa ukimya wangu. Wale wa zamani mnakumbuka kwamba kwa miaka arobaini na saba haukupita mkutano wa walimu ambao sikunyoosha mkono, na baadhi yenu mlikuwa mkitoa kazi ya kufuma mara mnaponiona nimesimama. Kwa miaka miwili na miezi minne sasa sijanyoosha mkono. Sijasema neno mkutanoni, sijaandika katika jarida la chuo, na nilipoombwa kuzungumza katika mahafali ya mwaka jana nilijibu kwamba nina mafua. Sikuwa na mafua. Wako waliosema ni uzee, na wako waliosema ni busara. Haukuwa uzee wala haikuwa busara, na kabla sijakaa nitawaambia ilikuwa nini, kwa sababu ukimya huo ulimgharimu mtu tunayemuaga leo.

Keshokutwa, Ijumaa, Bi Lovelady atakabidhi funguo zake. Akishazikabidhi, Meza ya Jumanne, ambayo ameiandaa kwa miaka ishirini na miwili, haitakuwa na mwenyewe wala ruhusa ya kuwapo. Jumanne ijayo Bodi itakaa kuamua kama meza hiyo itaendelea au itakwisha. Hilo ndilo jambo lililonisimamisha hapa. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Meza ya Jumanne ni nini? Wageni wetu huenda hamjui. Ni meza ndefu ya mbao iliyokuwa katika Chumba Namba Nane, ghorofa ya chini ya jengo la maktaba, na juu yake, kila Jumanne saa sita mchana, chungu cha kunde zilizopikwa na nyama ya kuku wa kukaushwa kwa moshi, sinia ya mkate wa mahindi, na jagi la chai ya barafu yenye sukari ambayo daktari wangu hataki kuisikia. Mwanafunzi yeyote aliingia, akakaa, akala. Hakuandika jina. Hakuulizwa ametoka wapi. Aliulizwa jambo moja tu, na Bi Lovelady ndiye aliyeuliza, akiwa ameshika upawa: "Wiki hii kipi hukukielewa?"

Swali hilo linaonekana dogo. Niruhusuni niwaeleze lilichofanya mara moja, nami nilikuwapo, kwa kuwa nilikwenda kurudisha sinia.

Walikuwa wamekaa wawili. Mmoja ni Delmy Caal, ambaye wazazi wake wako kwenye kiwanda cha kuku upande wa pili wa mto, na ambaye mwaka ule ndio kwanza alikuwa ameanza masomo. Mwingine ni Rusty Ledbetter, ambaye babu yake na baba yake wamelima maharage ya soya huku kwetu tangu kabla ya barabara kuwekwa lami, na ambaye aliingia chumba kile kwa kufuata harufu. Wote wawili walikuwa wakifeli kemia.

Rusty akasema, "We Delmy, ulienda kumwona yule profesa?"

"Aah, nitamwonaje? Ana saa za ofisi."

"Hata mimi. Kabandika kabisa mlangoni, Jumatatu saa nane mpaka saa kumi. Mimi nikipita pale napita kwa kunyata."

Bi Lovelady akaweka upawa chini. "Nyinyi wawili. Mnadhani saa za ofisi ni nini?"

"Si ndio saa anazofanya mambo yake, asisumbuliwe?" akasema Delmy.

"Ni saa anazokaa pale anawasubiri nyinyi."

Rusty akaacha kutafuna. "Ananisubiri mimi? Tangu Septemba?"

"Tangu Septemba. Peke yake. Anatazama mlango."

"Masikini mzee wa watu," akasema Rusty, na akachukua kipande kingine cha mkate.

Wanafunzi hao wawili walifaulu kemia. Rusty alihitimu Jumamosi iliyopita, nanyi mlimwona jukwaani, kwa kuwa ni vigumu kutomwona. Delmy amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu. Na mimi niliyesimama mlangoni na sinia nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda kukaa garini peke yangu kwa muda. Nilifika chuo hiki nikiwa mwanafunzi mwaka 1968, tukiwa Weusi sita kati ya wanafunzi mia tisa, nami nilijua maana ya saa za ofisi nikiwa mwaka wa tatu, kwa bahati, baada ya kuingia mlango usio wangu nikitafuta choo. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza kipi sikukielewa. Na kama angekuwapo, je, angekuwa na kazi nami peke yangu? Babu yake Rusty alikuwa darasa moja nami. Yeye aliacha chuo mwaka wa pili.

Sasa nije kwenye sheria ya jimbo letu, ile iliyozigusa ofisi za ujumuishi katika vyuo vya umma, kama iliyokuwa Chumba Namba Nane.

Sikuja kuilalamikia. Ilipigiwa kura mchana kweupe na watu tuliowachagua, na baadhi ya walioiunga mkono ni majirani zangu, tunakaa benchi moja kanisani. Mmoja wao aliniambia, "Eudora, mwanangu alipita mbele ya ule mlango miaka minne akidhani si wake." Sikumjibu siku ile. Lakini neno lake nililibeba, kwa sababu mlango unaomfanya mtoto wa mtu adhani si wake una kosa mahali fulani, hata kama kosa lenyewe ni la kibao tu. Mimi hutii sheria kama ninavyotii upatanisho wa kisarufi: siuombi unipendeze, nauomba uwe wazi.

Kibao kilichokuwa mlangoni pa Chumba Namba Nane kilisema "Ofisi ya Anuwai na Ujumuishi". Sheria ilipopita, kilitolewa, kikawekwa kilichosema "Ofisi ya Mafanikio na Ukaribisho". Baada ya mwezi mmoja mtu akashtuka kwamba ukaribisho nao unafanana na ujumuishi, kikawekwa cha tatu kilichosema "Ofisi ya Mafanikio". Kisha hicho nacho kikang'olewa, wafanyakazi watatu wakagawanywa, na chumba kikawa stoo ya viti. Leo mlango ule una matundu kumi na mawili ya skrubu na hauna jina. Mmoja wa wale wafanyakazi watatu yuko maktaba. Mwingine alihamia jimbo jingine. Na Bi Arnetta Lovelady, mwenye shahada ya uzamili na miaka ishirini ya kazi ile, alipelekwa Ofisi ya Maegesho, kugawa stika za magari.

Mheshimiwa Rais, najua hukulala vizuri siku zile. Ulikuwa na chuo kizima mikononi, na ulichagua kupunguza hatari. Sikusemi. Nasimulia.

Siku hizo hizo iliundwa Kamati ya Maneno. Hilo si jina lake rasmi. Jina lake rasmi lilikuwa refu kuliko kazi yake. Niliwekwa ndani kwa kuwa ndimi mhariri wa kitabu cha masomo, kile chenye orodha ya kozi zote za chuo, na tulipewa orodha ya maneno yasiyotakiwa kuonekana tena popote katika maandishi ya chuo. Wenzangu wakaona kusoma kurasa mia tatu na kumi ni kupoteza muda. Kompyuta ikaagizwa itafute "anuwai", "usawa" na "ujumuishi", na kila itakapoyakuta iweke "mafanikio". Ilimaliza kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na haikuuliza swali hata moja.

Kesho yake idara ya biolojia ikaamka ina kozi iitwayo Biomafanikio ya Mto badala ya Bioanuwai ya Mto. Idara ya hisabati, ambayo tangu nizaliwe imekuwa ikifundisha Milinganyo na Ukosefu wa Usawa, ikajikuta inafundisha Milinganyo na Ukosefu wa Mafanikio. Wanafunzi tisa walikuwa wamejiandikisha kabla sijaiona. Nilimpigia simu mmoja wao kumweleza kwamba jina limekosewa, akanijibu, "Mama, mimi nilivyolisoma nikasema, hii kozi inanijua."

Mnacheka, na mimi nilicheka. Nilikaa wiki tatu nikirudisha kila neno mahali pake kwa kalamu nyekundu, nikijiona nimefanya kazi kubwa. Lakini kosa lililokuwa na uzito halikuwa katika kitabu cha masomo. Lilikuwa katika karatasi tuliyopewa siku ya kwanza ya kamati, na mimi nililiona, na hili ndilo ninaloliombea radhi.

Karatasi ile ilikuwa muhtasari wa sheria, kurasa mbili, ambao ulikuwa ukisambazwa katika vyuo kwa barua pepe. Mwanasheria wetu, Bwana Thurman Beasley, ambaye yuko meza ya pili pale na ambaye ameniruhusu kusema haya, alitusomea sentensi iliyo muhimu kuliko zote. Katika muhtasari ilisomeka hivi: "Chuo cha umma hakitaendesha ofisi, programu au shughuli ya ujumuishi ambayo haiko wazi kwa kila mwanafunzi."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuisoma sheria yenyewe. Ni tabia yangu; sisomi muhtasari wa kitu ambacho kipo. Na katika sheria yenyewe, iliyopigwa muhuri, kuna mkato. Unakaa baada ya neno "ujumuishi" na kabla ya neno "ambayo". Aliyeandika muhtasari aliuacha, sidhani kwa ubaya, nadhani kwa haraka.

Je, mkato una kazi gani? Niwieni radhi, nitafundisha kwa dakika moja. Pasipo mkato, "ambayo haiko wazi" inashikamana na shughuli peke yake, jina lililo karibu nayo. Basi shughuli iliyo wazi kwa wote inaruhusiwa, lakini ofisi na programu zimekatazwa zote, hata zikiwa wazi kama uwanja. Panapokuwa na mkato, "ambayo haiko wazi" inarudi nyuma na kuzishika zote tatu: ofisi, programu na shughuli. Kinachokatazwa ni kile tu kilichomfungia mtu nje. Kilicho wazi kwa kila mwanafunzi hakikukatazwa. Wabunge wetu, kwa mkato mmoja, waliuacha wazi mlango ambao sisi tuliufunga kwa skrubu.

Nilinyoosha mkono. Nilisema, "Bwana Beasley, hapo kuna mkato umepotea."

Naye, akiwa amechoka, akiwa na vyuo na magazeti na simu za wazazi kichwani, alisema, "Profesa Spivey, mikato tutakuachia wewe. Sheria tuachie sisi."

Chumba kilicheka. Hakikucheka kwa ukatili; kilicheka kama watu wanavyocheka wakiwa na hofu. Mimi niliteremsha mkono wangu. Nilikunja sheria yangu, ambayo ndani yake nilikuwa nimeuzungushia ule mkato duara kwa penseli, nikaiweka katika droo ya pili ya meza yangu ya nyumbani, nikaifunga.

Ndugu zangu, sikunyamaza kwa kuogopa. Mwenye kuogopa ningemwonea huruma. Nilinuna. Mwanamke wa miaka sabini na mitatu, aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa katika chumba kile mahali pa kuweka nukta, alinuna kwa sababu ya sentensi moja, akasema moyoni, kama hawataki mkato wangu, na wakae bila mkato. Na kwa miaka miwili na miezi minne wakakaa bila mkato, na Bi Lovelady akagawa stika.

Alizigawa vizuri. Hapa simsifu kwa desturi. Muulizeni Bwana Buford Mims, mkuu wa maegesho. Siku ya pili tu baada ya Bi Lovelady kuhamia kwake, foleni ilitoka mlangoni ikafika kwenye ngazi. Bwana Mims alinisimulia mwenyewe. Alimuuliza Delmy, aliyekuwa mbele, "Namba ya gari?"

"Sina gari."

"Sasa stika utaibandika wapi, binti?"

"Nataka kumwona Bi Lovelady."

"Wewe ni wa kumi na moja leo huna gari," akasema Bwana Mims. "Sijawahi kuona chuo kinachoegesha miguu namna hii."

Lakini wiki iliyofuata Bwana Mims alileta benchi. Wiki iliyofuata tena alileta chupa ya matango ya siki aliyoyatengeneza mkewe. Na Jumanne moja Bi Lovelady alikuja na chungu kile kile, akakiweka juu ya kabati la mafaili, na Meza ya Jumanne ikaendelea pasipo meza. Kwenye karatasi haikuwapo. Kwenye karatasi ilikuwa ni mfanyakazi wa maegesho anayekula chakula chake cha mchana. Bwana Beasley alipita siku moja, akachungulia ndani ya chungu, akauliza, "Bi Lovelady, hiki ni cha watu wangapi?"

"Cha mtu mmoja mwenye njaa," akamjibu. "Kaa nikupakulie."

Bwana Beasley alikaa. Naona anatikisa kichwa kukubali. Asante, bwana.

Mnaona tatizo lilipo. Chakula cha mchana cha mfanyakazi kinahitaji mfanyakazi. Kwa miaka miwili kitu chenye manufaa makubwa kwa wanafunzi wetu kimeishi kwa kujificha nyuma ya njaa ya mtu mmoja, na mtu huyo Ijumaa anakwenda nyumbani. Delmy amesema atapika yeye. Bwana Mims amesema atapika yeye, na mkewe amesema hapana, kwa kuwa ameonja mapishi yake. Lakini mwanafunzi hawezi kukiita chumba cha chuo kuwa chake, na mkuu wa maegesho hawezi kuulizwa kila mwaka kwa nini ana njaa kiasi hicho. Inahitajika ruhusa, iliyoandikwa.

Mwezi uliopita Bi Lovelady alikuja nyumbani kwangu na barua yake ya kuaga. Alitaka niisahihishe. Alikuwa mwanafunzi wangu mwaka 1984, nami nilimpa C, na hajawahi kuniacha niisahau.

"Weka mikato unapotaka, Profesa," akasema. "Mimi huwa napumua tu."

Katika barua ile palikuwa na sentensi hii: "Nawashukuru walinzi, wapishi na wafagizi ambao waliniletea viti." Nikaweka mkato kabla ya "ambao", kwa mazoea, bila kufikiri. Akauliza huo wa nini. Nikamweleza kama ninavyomweleza mwanafunzi yeyote: "Bila mkato ni wafagizi tu walioleta viti. Ukiwapo mkato, ni wote."

"Kwa hiyo huo mkato mmoja unawaingiza wote?"

"Unawaingiza wote."

"Basi uache hapo hapo, maana wote walileta." Kisha akanitazama. "Mbona umenyamaza?"

Niliinuka, nikaenda kwenye droo ya pili, nikamletea ile karatasi. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akagusa lile duara la penseli kwa kidole.

"Hii unayo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi yake, akaivaa. Nilingoja akasirike, na nilikuwa nimejiandaa kuistahili hasira hiyo. Akasema, "Mwaka ule ulinipa C kwa sababu ya mikato. Leo mimi nikupe ngapi?"

Nikasema, "Sifuri."

"Sitoi sifuri. Mwanafunzi akipata sifuri anarudi nyumbani kulala." Akaikunja karatasi, akanirudishia mkononi. "Nakupa 'haijakamilika'."

Wageni wetu, katika vyuo vyetu hiyo ni alama halali. Haimaanishi umefaulu, wala haimaanishi umefeli. Inamaanisha kazi ipo, mwalimu anakujua, na umepewa muda wa kuileta. Isipoletwa kwa wakati, inageuka yenyewe kuwa F.

Nilikuwa nimeigawa alama hiyo kwa wengine mamia ya mara. Sikuwahi kupewa mimi.

Basi nimeleta kazi yangu. Nilikwenda kwa Bwana Beasley na sheria yenyewe, nikaiweka juu ya ule muhtasari, sentensi juu ya sentensi. Akasema, "Profesa, kwa ule mkato ungenipigia simu." Nikamwambia ni kweli, ilinipasa kumpigia, na sikupiga. Hakunihakikishia ushindi, alisema jaji anaweza kuisoma vingine, na kwamba wako watakaoona ni hila. Lakini ameandika, kwa saini yake, kwamba inasomeka hivyo, na barua hiyo iko katika makabrasha ya Bodi pamoja na yangu. Hatuombi ofisi irudi. Hatuombi kibao. Tunaomba sentensi moja katika kitabu cha masomo, nami nimeiandika na kuifuta mara nyingi kuliko nilivyoandika tasnifu yangu: "Meza ya Jumanne, iliyo wazi kwa kila mwanafunzi, huandaliwa saa sita mchana katika Chumba Namba Nane." Jirani yangu wa kanisani nimemsomea. Alisema, "Hapo hata wangu angeingia."

Mheshimiwa Mwenyekiti, wewe unauza chakula cha kuku katika wilaya nne, na nimesikia kwamba hukubali mkataba ambao hujausoma mwenyewe hadi mstari wa mwisho. Nakuomba Jumanne usifanye zaidi ya hapo. Usisome muhtasari. Wala usisome barua yangu kwanza, maana mimi nina upande. Soma sheria yenyewe, kwa sauti, na ukifika kwenye mkato, upumue.

Bi Lovelady, nimekusifu kidogo kuliko ilivyo desturi, na familia yako inisamehe. Sababu ni kwamba sikupenda kukuimbia sifa leo, huku nikijua kwamba Jumanne huenda kazi yako ikawekwa stoo pamoja na viti. Sifa zako zimo chumbani humu, zimekaa, zimevaa nguo zao nzuri, na mojawapo ina urefu wa futi sita na nusu na inaitwa Ledbetter. Niseme moja tu. Miaka miwili ulikaa chini ya ngazi na kazi isiyo yako, na hukuacha kuuliza kipi hawakukielewa. Mimi nilikaa juu na jibu ndani ya droo, nikangoja niulizwe kwa adabu. Ulikuwa mwanafunzi wa C. Sikuwa mwalimu wa zaidi ya hapo.

Nawashukuru waandaaji kwa nafasi hii, wapishi kwa chakula ambacho nasikia kinapoa, na nyinyi nyote kwa kukaa kimya muda wote huu nikiwa nimesimama. Ukimya wenu umekuwa na manufaa kuliko wangu.

Kitabu cha masomo kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa mwezi. Katika ukurasa wa arobaini na moja nimeacha mstari mmoja mtupu. Jumanne jioni utajazwa, au utafutwa na mistari ya chini itapanda kuziba nafasi yake, na mwaka ujao hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kitu. Uamuzi wowote utakaotolewa, uwe wa ndiyo au wa hapana, nitawaandikia nyote, kila mmoja kwa jina lake. Barua ya kwanza itakuwa yako, Bi Lovelady. Nitaituma bila kuipitia, ili kalamu nyekundu safari hii uishike wewe.